Theluji ya masika, moto wa Oktoba: namna ya kuishi na hali ya hewa ya Kilimanjaro

Kila masika yanapokolea, picha za Kibo huanza kuzunguka kwenye simu. Mawingu hufunguka asubuhi moja baada ya siku nyingi za mvua, na kilele chote kinaonekana cheupe, weupe ukiwa umeshuka chini kuliko kawaida. Watu wa Marangu, Machame na Kibosho wanapiga picha na kuwatumia ndugu zao walioko Dar es Salaam. Nasi wa redio huulizwa swali lile lile: theluji imerudi, je, mwaka huu maji yatatosha?

Jibu letu huwakatisha wengi tamaa. Theluji ile inapendeza macho na inaleta watalii, lakini maji ya mfongo wako hayatoki huko. Yanatoka kwenye mkanda wa msitu na vichaka ulio chini yake, ule ambao kwenye picha hauonekani vizuri kwa sababu mara nyingi umefunikwa na mawingu. Sehemu ya juu ya mkanda huo ndiyo iliyoungua Oktoba 2020, na ikaungua tena Oktoba 2022. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya mlima itamfikiaje nyumbani kwake, shambani na kwenye bomba lake, asiishie kutazama kilele. Atazame mkanda huo.

Mlima mmoja, hali za hewa nyingi

Hewa hupoa kadiri unavyopanda, takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Ndiyo maana mtu wa Moshi mjini, mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, anatembea na shati jepesi huku ndugu yake wa kule juu karibu na msitu amevaa sweta, na kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, maji yanaganda.

Mvua haifuati mpango huo. Kutoka tambarare kwenda juu inaongezeka, inafikia kiwango chake kikubwa ndani ya msitu wa upande wa kusini, kwenye mita 2,000 na zaidi kidogo, kisha inaanza kupungua. Ndani ya msitu huo hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Moshi mjini haifikii hata nusu yake. Ukipita msitu na vichaka ukafika kwenye uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi, unakuta karibu jangwa: mawe, vumbi na nyasi za hapa na pale. Kileleni kuna barafu, lakini mvua na theluji inayoanguka huko kwa mwaka mzima ni kidogo ukilinganisha na ile ya msituni.

Pande za mlima nazo hazifanani. Kusini na kusini magharibi, yaani Kibosho, Machame na Uru, ndiko kwenye maji mengi, kwa sababu upepo wa masika unaotoka baharini unagonga mlima upande huo. Ukizunguka Rombo hadi Rongai, mvua inapungua. Utabiri unaosema "mkoa wa Kilimanjaro" unawajumuisha watu wote hawa kwa neno moja, na hilo tutalirudia hapa chini.

Kuna pia mwendo wa kila siku ambao wakazi wanaujua bila kufundishwa. Asubuhi mlima uko wazi. Jua linapopasha miteremko, hewa ya tambarare inapanda, na kwenye saa nne au saa tano mawingu yanaufunga mlima. Usiku mambo yanageuka: hewa baridi ya juu inateremka kupitia mabonde. Ndiyo sababu nyumba iliyo bondeni huwa na baridi kali alfajiri kuliko ile iliyo juu kidogo kwenye mgongo wa kilima. Shika mwendo huu wa mchana kupanda na usiku kushuka, maana moto nao unaufuata.

Ile nyeupe ni nini hasa

Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima huu Mei 1848, alimuuliza aliyemwongoza ile nyeupe ya juu ni nini. Alijibiwa kwamba ni baridi. Ulaya, wasomi kadhaa walimcheka wakisema theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Mwenyeji yule alikuwa ametoa jibu la kutosha. Na tukumbuke kwamba Mei ni mwezi wa masika, wakati ambao kilele hupata theluji mpya.

Tutenganishe vitu viwili. Kuna theluji, ile inayoanguka masika na vuli, ikakaa siku au wiki chache kisha ikaondoka. Na kuna barafu, ile ya zamani iliyokaa kileleni kwa vizazi vingi. Theluji ya mwaka mmoja inaweza kuwa nyingi sana wakati barafu inaendelea kupungua. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya kilomita 2. Kwa hiyo picha moja ya Aprili yenye Kibo nyeupe haithibitishi kwamba barafu imerudi, na picha ya Septemba yenye Kibo tupu haimaanishi kwamba imekwisha mwaka huo.

Sehemu kubwa ya barafu hiyo wala haiwi maji. Kule juu hewa ni kavu na jua ni kali, hivyo barafu hugeuka mvuke moja kwa moja. Mwenye duka la vinywaji ameliona jambo hili: barafu iliyokaa miezi ndani ya friza inasinyaa yenyewe, na huoni maji yoyote.

Basi mito inajazwa na nini? Inajazwa na mvua inayonyesha kwenye msitu, ikazama kwenye udongo, ikatokea chini kama chemchemi. Na kuna chanzo cha pili ambacho hakizungumzwi sana, nacho ni ukungu. Simama chini ya mti wa msituni asubuhi ya Julai. Hakuna mvua, lakini baada ya dakika chache umelowa. Majani madogo, matawi na zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia kama ndevu zimekamata matone ya wingu na kuyaangusha chini. Juu ya msitu mkubwa kuna miti na vichaka vya erika, vyenye majani membamba kama sindano, na hivyo ndivyo hodari zaidi kwa kazi hiyo kwa sababu vinakaa ndani ya wingu. Vikiungua, wingu linapita tu. Nyasi fupi zinazoota badala yake haziwezi kukamata hata sehemu ndogo ya maji hayo.

Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeufanyia mlima huu utafiti kwa miongo kadhaa, ameonyesha kwamba tangu 1976 moto umekula zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu wa juu, na mpaka wa msitu umeshuka. Kwa maoni yake, ambayo na sisi tunayaona kuwa ya msingi, hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa maji ya wananchi kuliko kuyeyuka kwa barafu. Ajabu ni kwamba barafu ndiyo inayoandikwa magazetini.

Kwa nini Oktoba

Masika yanaisha Mei. Juni hadi Agosti kuna baridi na manyunyu upande wa kusini, na mkulima wa kahawa anajua maana yake: unyevu na ubaridi vikikaa muda mrefu, chulebuni inapata nafasi kwenye punje changa. Lakini juu ya mawingu, kwenye vichaka, miezi hiyo ni mikavu. Unaweza kuwa umejikunyata kwa baridi nyumbani Kibosho huku mita 2,000 juu yako jua linakausha kila kitu. Kufikia Septemba na Oktoba, kabla vuli hazijaanza, vichaka vile viko tayari kuwaka. Erika ina mafuta ndani yake, hivyo huwaka hata ikiwa mbichi.

Moto wa 2020 ulianza Oktoba 11, eneo la Whona, mahali pa kupumzikia wageni kwenye njia ya Marangu kati ya Mandara na Horombo. Maelezo yaliyotolewa wakati ule ni kwamba ulitokana na watu waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Ziliungua takriban kilomita za mraba 95. Moto wa 2022 ulianza jioni ya Oktoba 21 karibu na kambi ya Karanga, upande wa kusini, na ukachukua zaidi ya wiki kudhibitiwa. Kwenye matukio mengine huko nyuma, lawama zimeangukia urinaji asali wa kutumia moshi, ujangili na mashamba yanayosafishwa kwa kuchomwa.

Si bahati mbaya kwamba miaka yote miwili ilikuwa ya La Niña, hali ya bahari ya Pasifiki ambayo kwetu mara nyingi huleta vuli hafifu au za kuchelewa. Utabiri wa vuli ukisema "chini ya wastani", hiyo ni habari ya mahindi na maharage, na ni habari ya moto pia.

Kwa kuwa upepo wa mchana hupanda, moto wa mchana hupanda nao, tena kwa kasi. Usiku unatulia, wakati mwingine unaanza kushuka kuelekea msituni na mashambani. Pia unaingia ardhini. Udongo wa kule juu una mizizi na mabaki ya majani yaliyolundikana kwa miaka mingi, nayo huungua polepole chini kwa chini kama mkaa ndani ya majivu. Ndiyo maana sehemu iliyotangazwa kuwa imezimika Jumatatu inaweza kufuka tena Alhamisi, bila mtu yeyote kuiwasha.

Wanaozima ni nani? Kuna askari wa hifadhi, zimamoto na jeshi. Na kuna mamia ya watu wa kujitolea, wakiwemo wanafunzi na wanavijiji, wanaopanda kwa miguu na mapanga, majembe na matawi mabichi, wakilala kwenye baridi ya mita 3,000 na kitu. Watu hao hao, siku za kawaida, wana masharti makali ya kuingia msituni. Ule ukanda wa Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani ya mifugo, umepita katika mikono mingi, na mwaka 2005 hifadhi ya taifa ilipanuliwa ikachukua msitu wote. Hatusemi masharti yaondolewe. Tunasema anayeitwa usiku kupanda kuzima moto apewe viatu, maji, blanketi na mtu anayejua njia ya kurudi, na mambo hayo yapangwe Julai badala ya kusubiri moshi uonekane. Kijiji ambacho bado hakina orodha ya watu wake wa kupanda, na makubaliano na hifadhi juu ya nani anawapa vifaa, kina kazi ya kufanya kabla ya Oktoba.

Ukiona moshi juu, piga simu ya zimamoto, namba 114, na umjulishe mwenyekiti wa kitongoji. Taja mahali kwa majina ya mito na migongo ya vilima inayojulikana, kwa sababu "moto uko juu ya Marangu" ni eneo kubwa mno.

Majivu yakishuka

Hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi, kwa sababu moto ukizimika wanahabari huondoka, sisi tukiwemo, na hatari ya mwenye shamba ndiyo kwanza inaanza.

Udongo wa kawaida wa msituni ni kama sponji. Moto ukipita, mambo mawili yanatokea. Kifuniko cha majani kinachovunja nguvu ya matone kinapotea. Na baadhi ya mafuta ya mimea iliyoungua yanaingia ardhini kama mvuke, yanapoa na kuganda yakiwa utando mwembamba unaokataa maji. Ukimwagia maji udongo wa namna hiyo, yanateleza juu kama kwenye karatasi ya nailoni. Mvua ambayo zamani ingezama, sasa inakimbia.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo mlimani ni ya kawaida kabisa, inamwaga lita 200,000 kwenye hekta moja. Hata robo yake ikiteleza badala ya kuzama, hizo ni lita 50,000 kutoka hekta moja, kwa muda wa saa moja hivi, zikiwa zimebeba majivu, udongo na magogo. Kilomita moja ya mraba ina hekta 100. Mwenye kihamba kando ya korongo anaweza kumalizia hesabu hiyo mwenyewe.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwenye mvua kubwa ya kwanza baada ya moto, na inaendelea kwa msimu mmoja au miwili hadi mimea ifunike ardhi. Kwetu moto wa Oktoba unafuatwa na vuli wiki chache tu baadaye. Wenzetu wa Mlima Kenya wanapata hali kama hiyo kwa kalenda nyingine: moto mkubwa wa 2012 uliwaka Machi, na baada ya Machi yanakuja masika.

Kisha kuna hatari ya pili ambayo husahaulika. Mizizi ya miti iliyokufa inaendelea kushika mteremko kwa muda, halafu inaoza. Miaka mitatu, minne au mitano baada ya moto, wakati kila mtu anaona kijani kimerudi, mteremko unaweza kuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa mwezi mmoja baada ya kuungua.

Matope hayahitaji moto ili yaue. Desemba 3, 2023, mvua kubwa ililowesha Mlima Hanang, sehemu ya mlima ikamomonyoka, na matope, mawe na magogo yakaingia Katesh na vijiji vya jirani alfajiri. Walikufa zaidi ya watu 80. Mwaka ule, baada ya La Niña ya miaka mitatu, ilikuwa imeingia El Niño. Tunaitaja Hanang hapa kwa sababu dalili za matope ni zile zile, msitu uwe umeungua au haujaungua:

Mto ukipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha juu, ondoka. Hiyo ndiyo dalili tunayoomba uwafundishe watoto wako kabla ya nyingine zote. Watu wengi wakiona maji yamepungua wanashukuru na kurudi kulala, kumbe magogo na matope yameziba korongo huko juu na maji yanajikusanya nyuma yake. Ziba hiyo ikipasuka huna dakika nyingi.

Chemchemi iliyokuwa safi ikitoa tope bila sababu, nyufa mpya zikitokea juu ya nyumba, miti au nguzo za umeme zikianza kulala, mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama, basi mteremko unasogea. Na ukisikia mngurumo kama wa malori mengi ukitoka bondeni usiku, usitoke na tochi kwenda kutazama. Panda kando, mbali na korongo, kuelekea mgongo wa kilima. Usikimbie kufuata bonde kuteremka, kwa sababu matope yana kasi kuliko wewe. Usivuke daraja au kivuko mpaka asubuhi, hata kama ng'ombe wako ng'ambo.

Mifongo nayo ina sehemu yake. Mfongo uliojaa matope unafurika, maji yanatoka kwenye njia yake na kulowesha mteremko siku nzima bila mtu kuona, kisha kipande cha shamba kinaondoka. Baada ya moto, kamati ya mfongo ifunge banio kabla ya mvua ya kwanza kubwa, iache maji ya majivu yapite mtoni, na kufungua baada ya maji kuanza kuwa meupe. Usafi wa mfongo uliozoeleka mara moja au mbili kwa mwaka hautatosha mwaka huo.

Maji ya kunywa na ya mifugo

Maji ya kwanza baada ya moto huwa meusi au ya kahawia na yana ladha ya magadi. Kuyachemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi majivu. Dawa ya klorini nayo hupoteza nguvu kwenye maji machafu. Fuata mpangilio huu: yaache yatulie kwenye ndoo usiku kucha, mimina sehemu ya juu taratibu, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo uchemshe au utie dawa. Kama kuna chemchemi iliyofunikwa isiyotegemea mto, itumie hiyo kwa watoto wadogo hata kama ni mbali.

Wanaovuna maji ya mvua waondoe bomba la tenki kabla ya mvua ya kwanza, waache paa lioshwe, kisha warudishe. Paa la mita za mraba 40 likipata milimita 50 linatoa lita 2,000, kwa hiyo hutapoteza mengi kwa kuacha zile za kwanza zimwagike. Ng'ombe wa ndani mara nyingi watakataa maji yenye majivu, na wako sahihi. Majani ya malisho yaliyofunikwa na majivu yakung'utwe au kuoshwa.

Wakati moto unawaka na moshi unashuka usiku na hewa baridi, mwenye pumu, wazee na watoto wachanga walale nyumba iliyo juu kidogo ya bonde kama inawezekana. Kitambaa cha kawaida mdomoni kinazuia majivu, lakini hakizuii moshi.

Kupanda tena, na kutopanda

Baada ya moto kila mtu anataka kupanda miti, na viongozi hupenda kupigwa picha wakiwa na miche. Kule juu kwenye vichaka, mara nyingi kazi bora ni kuzuia moto usirudi. Vichaka vingi huchipua vyenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, lakini msitu mrefu wa erika unahitaji miongo ya miaka bila kuungua, na moto wa pili kabla haujakomaa ndio unaoumaliza.

Chini kwenye vihamba ni habari nyingine. Migomba, kahawa na miti mikubwa vikichanganywa vinashika udongo vizuri, na wazee walijua walichokuwa wakifanya. Masale ya mpakani nayo yana mizizi, usiyang'oe ili kuweka seng'enge. Kando ya chemchemi na mito, usipande mikaratusi, kwa kuwa inanyonya maji mengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito na vyanzo vya maji. Tunajua wengi wana mashamba ndani ya mita hizo, yaliyorithiwa kabla ya sheria. Basi walau hapo paoteshwe majani ya mifugo na miti ya asili, pasilimwe kwa jembe kila msimu.

Wafugaji wa nyuki wategemee mavuno madogo kwa msimu mmoja au zaidi. Makundi yaliyohamia chini yatatafuta mizinga, kwa hiyo mizinga mitupu isafishwe na kutundikwa mapema karibu na vihamba.

Kusoma utabiri ukiwa mlimani

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli, na utabiri wa kila siku. "Juu ya wastani" haina maana kwamba itanyesha kila siku, wala "chini ya wastani" kwamba hakuna mvua. Ni kulinganisha jumla ya msimu na miaka mingi iliyopita. Msimu wa chini ya wastani unaweza kabisa kuwa na siku moja ya milimita 80, na kwa aliye chini ya mteremko ulioungua, siku hiyo moja ndiyo inayomhusu.

Kwa mvua kubwa na upepo, sikiliza ngazi za tahadhari. "Angalizo" maana yake jiandae na ufuatilie. "Tahadhari" maana yake kuna uwezekano wa madhara, usilale karibu na korongo. "Tahadhari kubwa" maana yake ondoka mahali hatarishi kabla ya giza. Sisi husoma taarifa hizi hewani mara tu zinapotoka. Lakini taarifa inahusu mkoa au ukanda, nayo haijui kwamba bonde lako liliungua Oktoba. Kama msitu ulio juu yako uliungua ndani ya miaka miwili iliyopita, chukua kila taarifa kana kwamba ni ya ngazi moja juu yake.

Na kijiji kinaweza kujipimia. Kopo lenye kuta zilizonyooka, si lile linalopanuka juu, likiwekwa mahali pa wazi mbali na miti, na rula ya shule, vinatosha kujua imenyesha milimita ngapi tangu jana asubuhi. Anayefaa kushika kopo hilo ni mtu aliye juu kabisa, karibu na mpaka wa msitu, mwenye simu yenye chaji na namba za watu wa chini. Akipima milimita 30 kufikia jioni na mvua haijakatika, asisubiri kuulizwa. Apige kwa walio kando ya mto, mmoja baada ya mwingine, kuanzia aliye karibu na maji. Mkubaliane mapema nani yuko kwenye orodha, na nani anampigia nani mtandao ukiwa chini. Mahali ambapo simu haishiki, kengele ya kanisa, spika ya msikiti au pembe vitafanya kazi, ilimradi kila nyumba inajua mlio huo una maana gani na watu wapande kuelekea mgongo upi wa kilima.